Mtungi wa Nosi wa Nyamizi

Tangu nikabidhi funguo za gereji, mke wangu amegundua kwamba sijui kukaa. Wiki ya kwanza nilitia grisi bawaba za milango yote ya nyumba. Wiki ya pili nilifungua pasi iliyokuwa nzima, na nilipoifunga ikawa nzima kidogo. Ndipo aliponiletea kalamu na karatasi, akaviweka mezani mbele yangu.

"Baba Neema," akasema, "waandikie vijana wako wa gereji mambo ya kazi. Wewe uandike, wao wasome, na mimi uniachie vyombo vyangu."

Basi naandika. Vyeo sitavisema, maana gereji cheo ni kimoja tu: nani ameshika spana na nani ameshika tochi. Mshahara nao tuuache ulale. Nitasema habari za kazi yenyewe, na zaidi ile niliyoipenda kupita zote na iliyonichekesha kupita zote, yaani kurekebisha nosi kwenye gari la mbio.

Nilianzia Shinyanga mjini, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa injini za dizeli. Siku ya kwanza nilifika na ovaroli mpya ambayo mama aliipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mkuu wa mafundi alikuwa Fundi Seif, mtu wa Tabora, mfupi, mwenye kofia nyeupe ya kufuma ambayo haikupata tone la oili hata akiwa amelala chini ya injini. Mpaka leo sijui alifanyaje.

"Shikamoo fundi," nikamwambia.

"Marahaba. Umekuja kuoa?"

Wenzangu wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Kisha akanipeleka kwenye injini iliyokuwa ikizunguka, akaniambia niweke mkono. Nikaweka, nikautoa upesi. Akauliza nimesikia nini. Nikasema joto. Akauliza joto la namna gani, limeanzia wapi, na je, bomba la kulia lina joto sawa na la kushoto. Siku nzima ile sikushika spana. Nilishika mabomba, mikanda, matangi, hata kuta za kiwanda. Jioni viganja vilikuwa vyekundu na Fundi Seif alikuwa ameridhika.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, nami niliushika miaka yote: kabla hujabadilisha chochote, gusa kila kitu. Fundi anayekimbilia kubadilisha vipuri, alisema, anatibu mgonjwa ambaye hajamwona. Alinifundisha pia kusoma plagi. Ukiifungua plagi ukakuta kauri yake ina rangi ya kahawia iliyopauka, injini inakula vizuri. Ukiikuta nyeusi na imelowa, mafuta yamezidi hewa. Ukiikuta nyeupe kama chokaa, ina chembe ndogo zinazometameta, usiiwashe tena injini na umshukuru Mungu, kwa sababu zile chembe ni pistoni yako imeanza kuyeyuka.

Kutoka pale nilikwenda Bugarama, kwa mkandarasi aliyekodisha kompresa na pampu kwa wachimbaji wadogo. Vumbi la kule liliingia hata kwenye chai. Siku moja waliletwa wachimbaji wanne, au niseme ilikuja pampu imebebwa na wachimbaji wanne, nyuso zimewaanguka. Duara lao, lile shimo lao la kuchimbia, lilikuwa limejaa maji na pampu haivuti. Walikuwa na hakika kwamba wenye duara la jirani wameifanyia mambo. Nikagusa. Injini nzima, pampu nzima, ila bomba la kufyonzea lilikuwa limenona sehemu moja. Nikalipasua kwa kisu, ikatoka kandambili. Mmoja wa wale wanne aliitazama, akaipokea, akaivaa. Ya pili alikuwa nayo mguuni.

Baadaye nilifungua gereji Geita, na hapo ndipo nosi iliponikuta. Nje ya mji kuna kipande cha lami kilichobaki baada ya barabara kuu kupindishwa, kimenyooka vizuri, hakiendi popote. Wafanyabiashara wa dhahabu na vijana wenye magari makali waliomba kibali, askari wakaja kuzuia watu, gari la wagonjwa likaegeshwa pembeni, mashindano yakaanza. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inawaka, yanafyatuka mita mia nne, basi. Ukipiga chafya umekosa kuona.

Wengi wenu mmeiona nosi kwenye simu mkafikiri ni petroli kali. Si mafuta kabisa. Ni gesi inayobeba oksijeni nyingi kuingia ndani ya injini, na oksijeni ikizidi, unaweza kuunguza petroli nyingi zaidi kwa mara moja, na gari linapata nguvu ya ghafla. Kwa hiyo kila gesi inapoingia, lazima iingie na petroli yake. Vinapita kwenye vitundu viwili vidogo tunavyoviita jeti, kimoja cha gesi, kimoja cha petroli, na kazi yote ya fundi ni kupatanisha vitundu hivyo. Petroli ikizidi, gari linakohoa moshi mweusi na linachelewa. Gesi ikizidi, moto unakosa cha kula, unaanza kula pistoni.

Tena vile vipimo vinavyokuja na vifaa, vimepimwa na watu wanaokaa usawa wa bahari. Huku kwetu tuko juu, hewa ni nyepesi. Ukifunga kama karatasi inavyosema, gari litafuka moshi kama tanuri la matofali. Mimi nilipunguza petroli kidogo, nikajaribu, nikafungua plagi, nikasoma, nikapunguza tena. Cheche za plagi nazo nilizichelewesha kidogo, kwa kuwa moto wa nosi una haraka zake. Na kujua gesi iliyobaki mtungini hakuna njia ila kuupima uzito, kwa hiyo niliazima mizani ya kupimia pamba kutoka kwa rafiki wa zamani wa kiwandani. Watu walikuja gereji kuona mtungi unaning'inia kwenye ndoano ya pamba. Mmoja aliuliza tunanunua pamba ya daraja gani.

Jambo la mwisho, mlishike sana kwa sababu habari yote inayofuata imesimama juu yake: nguvu ya gesi mtungini inafuata joto. Mtungi ukipata moto, gesi inasukuma kwa nguvu. Mtungi ukipoa, gesi inatoka kivivu.

Sasa nije kwa Nyamizi. Huyu ni binti wa mfugaji wa Songwa, aitwaye Mzee Lushinge. Mzee aliuza ng'ombe ili binti afungue duka la vitenge Geita mjini. Binti akafungua duka, duka likaenda vizuri, na faida yake ikageuka gari jekundu la Kijapani lenye silinda sita. Mzee alipoambiwa ni gari la mashindano, alilizunguka, akalipiga teke gurudumu.

"Ng'ombe wangu wananguruma," akasema.

Alisafiri mpaka gereji kwangu kutoa msimamo wake mbele ya mashahidi. Nilimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba," akaitikia, akakaa juu ya tairi. Akasema hatampokonya binti kitu alichokipata kwa jasho lake, lakini ng'ombe walikuwa wa ukoo. Atampa mbio tatu. Akishindwa zote tatu, gari liuzwe, arudi kwenye vitenge kwa moyo mmoja.

"Nimekubali, baba," Nyamizi akasema. Alisema taratibu lakini niliona vidole vyake vimeng'ang'ania funguo. Binti yule alipenda gari lile kupita kiasi. Alikuwa amejifunza kulifungua na kulifunga mwenyewe, na akikaa nyuma ya usukani uso wake unatulia kama wa mtu aliyefika kwao.

Mzee alipoinuka aliuchungulia mtungi uliofungwa kwenye buti. "Fundi, hili bomu likipata jua halipasuki?"

"Lina vali ya usalama, mzee. Ikizidi inajifungua yenyewe."

"Mh," akasema Mzee Lushinge. Alisema hivyo tu, lakini alikuwa mtu ambaye "mh" yake ina kurasa nyingi.

Tangu hapo hakukosa hata siku moja ya majaribio wala ya mbio. Alitangaza kwa kila mtu kwamba yeye hayumo, hapendi, amekuja tu kulinda ng'ombe wake. Alikuja na kiti chake cha miguu mitatu na dumu la maji ya kunywa lililovikwa gunia la katani alilolilowesha, kama wanavyofanya wakienda shambani. Upepo unapopita kwenye gunia bichi, maji yanapoa ajabu. Siku za majaribio sote tulikunywa maji ya Mzee Lushinge, na gari likaruka vizuri, plagi zikatoka na rangi yake ya kahawia. Nililala usingizi mzuri.

Mbio za kwanza mpinzani alikuwa Hamdani, kijana wa Mwanza, mpole, gari lake jeupe. Asubuhi gereji nilitazama geji ya mtungi, ile inayoonyesha nguvu ya gesi, iko sawa. Tulipofika uwanjani, mimi na Nyamizi tukaenda kwenye ukaguzi na kupiga kura ya upande, Mzee akabaki kulinda gari. Tukarudi, buti limefungwa, jua kali, tukasukuma gari mpaka kwenye mstari. Taa ikawaka. Gari letu likatoa wingu jeusi, likakohoa, likamsindikiza Hamdani mpaka mwisho.

Nikafungua plagi: nyeusi, zimelowa. Nikarudi gereji, nikajaribu tena siku mbili baadaye kwenye lami ileile. Likaruka. Plagi za kahawia. Nikakuna kichwa. Nikabadilisha chujio la petroli, nikasafisha jeti, nikakagua vali ya umeme inayofungua gesi. Hakukuwa na kosa. Zikaja mbio za pili. Wingu jeusi, kikohozi, Hamdani yule mbele.

Nyamizi alishuka, akaegemea mlango, akafuta macho kwa mgongo wa mkono akidhani simwoni. Iliniuma sana. Nimetengeneza injini nyingi na nyingine zimenishinda, lakini sikuwahi kushindwa mbele ya mtu aliyeniamini namna ile.

"Fundi, imebaki moja," akasema.

"Najua, mwanangu."

Nilikaa kwenye kivuli cha gari nikiwa na jeti ya petroli yenye kitundu kidogo zaidi mkononi. Plagi zilisema petroli imezidi, na dawa ya petroli iliyozidi ni kuipunguza. Fundi yeyote angeifunga ile jeti ndogo badala ya iliyokuwepo. Kiu ikanishika, nikamwomba Mzee maji, nikapiga funda.

Yalikuwa ya moto kama ya kuogea mtoto.

"Mzee, leo maji vipi?"

"Jua kali," akasema, akageuza uso kutazama uwanja usio na kitu.

Nikagusa dumu. Kavu. Gunia halikuwepo. Nikakumbuka kwamba siku ya mbio za kwanza pia nilikunywa maji ya moto nikalaumu jua. Nikaenda kwenye buti nikaugusa mtungi. Ulikuwa baridi, na hilo halikunishangaza, mtungi uliotoka kutoa gesi huwa baridi. Kilichonishangaza ni nyuzi za katani zilizonata kwenye rangi yake, na zulia la buti lililolowa chini yake.

Nikairudisha jeti kwenye kopo lake. Nikasubiri Nyamizi aende kuzungumza na wenzake, nikavuta tairi nikakaa karibu na Mzee.

"Mzee, gunia lako liko wapi?"

Akajiinua kidogo kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa amelikalia.

"Nyinyi mnaondoka mnaliacha lile bomu juani," akasema, sauti imeshuka. "Binti yangu anakuja kukaa mbele yake. Mimi ninajua kupoza maji. Nikasema na hilo nitalipoza. Mkikaribia nalitoa, maana nilishasema simo."

Sikujua nicheke au nimkumbatie. Kwa gunia lake, gesi ilikuwa ikitoka kivivu na petroli ikiingia kwa wingi uleule, ndiyo maana gari lilikohoa. Na lau ningefunga ile jeti ndogo, kisha siku moja gunia lisiwepo, gesi ingekuja na nguvu zake zote ikute petroli haba, na pistoni ingetoboka chini ya miguu ya binti aliyekuwa akimlinda. Nilimweleza hivyo, polepole, bila kupunguza. Alivua kofia akaishika magotini.

"Basi ni mimi ninayemshinda."

"Ni hofu, mzee. Na hofu yako tunaihitaji, ila tutaifungia geji."

Nikamwomba Nyamizi rangi yake ya kucha, nikasema ni ya kazi. Kwenye kioo cha geji nikachora mistari miwili myekundu. Nikamwambia Mzee sindano ikae katikati ya mistari. Ikishuka, mtungi uote jua. Ikipanda, aweke gunia bichi, na kwa kweli jua letu la Oktoba huupandisha mtungi kupita kiasi, kwa hiyo gunia lenyewe lilikuwa dawa nzuri, lilikosa kipimo tu. Akauliza kama binti ataambiwa. Nikasema hiyo si habari yangu kuisimulia.

Nyamizi alishangaa kusikia baba yake sasa ndiye mtunza mtungi. "Baba, si ulisema humo?"

"Simo," akajibu. "Natazama sindano."

Siku ya mbio za tatu alikaa kwenye buti wazi kama anayengoja ng'ombe azae. Anaweka gunia, anatoa, anamimina maji kidogo kwa kiganja, anapuliza. Tulipoanza kulisukuma gari alitembea kando yake akiwa amekodolea geji, na kabla ya kufunga buti akanionyesha: sindano imelala katikati kabisa ya ile mistari. "Funga," akaniamuru, na mimi ndiye fundi.

Taa ikawaka. Sikuona moshi. Niliona gari jekundu likiinua pua na kunguruma ngurumo ambayo halikuwahi kuitoa kwenye mstari ule, na magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale yakitafuta lami. Nyamizi hakuwahi kuanza mbio na nguvu nzima namna ile. Siku za majaribio alikuwa akifungua gesi gari likiwa limeshashika mwendo. Akaachia kidogo, gari likashika, likaruka. Lilimfukuza Hamdani kwa namna iliyofanya watu wote wasimame. Lilikula pengo, likala, likala, na mstari wa mwisho ukafika mapema mno. Hamdani alitangulia kwa urefu wa boneti.

Nilifungua plagi kwa mazoea tu. Zote sita za kahawia, safi, hakuna chembe. Sijawahi kuona plagi nzuri zikinihuzunisha kiasi kile.

Nyamizi alirudi kwa miguu, kofia ya chuma kwapani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa baba yake, akapiga goti kidogo, akanyoosha funguo kwa mikono miwili.

"Baba, mara tatu."

Hamdani naye alikuwa amesogea. Wala hakuja kwa dharau. "Shikamoo mzee. Nimesikia gari litauzwa. Mimi naliheshimu, nitalitunza."

"Marahaba," akasema Mzee Lushinge. Hakuzipokea funguo. "Nani amekwambia linauzwa?"

"Tulipatana hivyo, baba," Nyamizi akasema. "Nimeshindwa mara tatu."

"Umeshindwa mara moja. Ya leo ndiyo yako, magurudumu yamekuzidi ujanja, utajifunza." Akainua gunia lililolowa, akalishika mbele yake mbele ya watu wote. "Zile mbili za kwanza nilishindwa mimi. Nilikuwa naupoza mtungi kwa siri kwa sababu nilikuogopea. Muulize fundi. Bado una mbili."

Nyamizi alinitazama. Nikatazama plagi. Alipoelewa, alicheka kwanza, kisha akamwangukia baba yake shingoni akalia, na Mzee akasimama amenyoosha mkono mmoja pembeni ili gunia lisimloweshe binti.

"Haya, haya, mayu, mama yangu," akasema, "wacha watu wapite. Fundi, hili limeanza kukauka. Ndoo iko wapi?"

Basi, vijana wangu. Lile gunia linaloning'inia nyuma ya mlango wa gereji, ambalo mara mbili nimewakuta mkitaka kulifutia oili, ndilo hilo. Msiliguse. Mwenyewe hulipitia kila siku ya mbio.